Loko wa Mwamba Mweusi

Profesa Ximena Larraguibel aliniambia kwamba gundi yangu ndiyo iliyoharibu utafiti. Mzamiaji wa kituo alikuwa ametoka majini asubuhi ile na habari moja tu: Mwamba Mweusi, tulikowaweka loko wetu, una loko wachache, na hakuna hata mmoja mwenye kibandiko.

"Loko ni konokono, Yasna, hana miguu ya kukimbilia," alisema Profesa. "Wapo. Vibandiko ndivyo vilivyobanduka, sasa hatuwatambui."

Mimi ni fundi wa maabara katika kituo cha bahari cha chuo kikuu. Watu wakisikia hivyo hudhani navaa koti jeupe na kuchungulia hadubini. Siku nyingi navaa buti za mpira na kuzibua mabomba yaliyozibwa na kome. Pampu ikizimika, naitwa mimi. Maji ya tangi yakipata joto, naitwa mimi. Na loko wale niliwalea mwenyewe tangu wakiwa viluwiluwi wasioonekana kwa macho, mpaka wakawa na ganda gumu la kushika mkononi. Nikambandika kila mmoja kibandiko cha plastiki cha njano chenye namba yake, kisha tukawashusha mwambani tuone kama waliolelewa tangini wanaweza kukua baharini. Kwenye pwani yetu loko wamevuliwa hadi wanakaribia kwisha. Kuwavua ni marufuku, na kila mtu anawala.

Basi nikaanza kuipima gundi. Nilibandika vibandiko kwenye maganda makavu na mabichi, nikayazamisha, nikayasugua kwa mchanga. Hakuna kilichobanduka. Nilipomwonyesha Profesa, akasema maabara si bahari. Nikaomba gundi nyingine, ofisi ya manunuzi ikaniletea ya vigae vya bafuni. Nikawa mtu wa kununa. Hata kituoni walianza kunipisha njiani.

Jumapili moja nilikwenda kula kwa mdogo wangu Maritza. Mumewe ni Eleuterio, ambaye sote tunamwita Tello, mzamiaji wa siku nyingi. Baada ya chakula aliwasha sigara akavuta kisahani cha majivu. Kwetu ganda la loko ndilo kisahani cha majivu, na halimshangazi mtu. Lakini alipokung'uta sigara niliona kitu cha njano ukingoni. Nikalichukua ganda lile, nikamwaga majivu kwenye sahani yangu, nikasugua kwa kidole. Namba ilikuwa pale pale, imeshika kana kwamba loko alizaliwa nayo.

Kitu cha kwanza nilichohisi, Mungu anisamehe, kilikuwa furaha. Gundi yangu haikuwa na kosa. Kisha damu ikanipanda kichwani.

"Shemeji, hili umelitoa wapi?"

"Baharini. Kwani maganda yanaota mtini?"

"Lina namba, Tello."

"Nimeiona. Nikasema, haya ndiyo maendeleo, siku hizi wanakuja wameshahesabiwa."

Maritza akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

"Ulijua ni wa kwetu," nikasema.

"Wa kwenu nani? Mwamba ule baba yangu aliuzamia. Mliuomba kwa chama cha wavuvi, chama kikasaini, na mimi siku hiyo nilikuwa majini natafuta riziki. Nani aliniuliza?"

"Umekula kazi yangu ya miaka minne."

Tello alivuta sigara, akatoa moshi taratibu. "Sikula peke yangu. Siku ya kuzaliwa ya mama yenu, wewe ulikula nini?"

Nikakumbuka. Loko kwa mayonezi na viazi vya kuchemsha. Niliongeza mara mbili. Nilisema mbele ya ukoo mzima kwamba sijapata kula loko laini kama wale.

"Ukanitazama nikila, ukanyamaza?"

"Nilitaka kukwambia. Halafu ukaanza kuwasifia."

"Na wewe, Maritza?"

"Mimi niliwakuta wameshatolewa kwenye maganda," alisema mdogo wangu akiwa ameelekea sinki. "Msiniingize."

Niliondoka bila kuaga, ganda likiwa mfukoni.

Jumatatu nilimweleza Profesa kila kitu, pamoja na ile habari ya mayonezi. Nilidhani atawapigia simu polisi. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo haikuwa gundi," akasema.

"Haikuwa gundi."

Nilisubiri aongeze neno. Hata nusu neno lingenitosha.

"Maganda mengine yako wapi?" akauliza.

Yalikuwa kwenye njia ya kuingilia nyumbani kwa Tello. Alikuwa ameyamwaga pale kuzuia matope, na kila siku alipita juu yake na gari. Nilipofika na ndoo yangu, nikapiga magoti na kuanza kuchokoa, alitoka mlangoni akanitazama, akarudi ndani. Baadaye alitokea na koleo. Tulichimba pamoja. Mengi yalikuwa yamesagika. Mazima yalijaza nusu ya ndoo.

"Shemeji," hatimaye akasema, "mngeniweka mimi mlinzi, wasingeibwa."

"Mwizi ni wewe."

"Ndiyo maana nasema. Mimi nawajua wezi wote."

Siku nyingine ningecheka. Nilibeba ndoo yangu nikaenda zangu.

Kituoni niliyaosha, nikayapanga mezani, nikapima moja moja na kulinganisha na vipimo vya siku tuliyowashusha. Nilipofika katikati niliacha, nikaanza tena tangu mwanzo, nikidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea. Walikuwa wamekua kuliko loko yeyote niliyewahi kumlea, kuliko hata tulivyothubutu kutumaini. Mwamba ule uliwapenda. Kila kitu kilikuwa kinakwenda sawa mpaka siku walipoingia sufuriani.

Profesa alikuja akasimama nyuma yangu, akasoma tarakimu. Kisha akageuza ndoo tupu, akaikalia.

"Ilikuwa inafanikiwa," akasema.

"Ilikuwa inafanikiwa."

"Nilikulaumu bure, Yasna."

Ndilo neno nililokuwa nimelisubiri, ila sasa sikulitaka tena. Nikaendelea kupima.

"Loko wa kutaga bado tunao?" akauliza.

"Wapo tangini."

"Basi tuanze upya. Mwamba ule ule. Lakini safari hii tukazungumze kwanza na shemeji yako."

Niliyatazama maganda yale mezani, nikaiona miaka mingine ya kuzibua mabomba.

"Nenda wewe ukazungumze naye," nikamwambia. "Mimi simsemeshi."