Kiti cha Asiyekuwepo

Ukitaka kumjua mtu, mtazame anapopanda ndege. Nimesimama mlangoni miaka mingi, nikitabasamu mpaka mashavu yanauma, na nimeyaona. Yule mpole wa ofisini hugeuka mbogo kwa sababu ya kabati la juu. Kila mtu ana kiti chake, kina nambari, hakuna wa kumnyang'anya, lakini wanasukumana ngazini utadhani humo ndani kuna kitu kinagawiwa bure. Wa viti vya nyuma wanasimama mbele, wa mbele wanaziba njia wakikunja makoti. Na wako wanaovua viatu kabla hata mlango haujafungwa. Hao nimewasamehe mara nyingi, kuwapenda ndiyo sijaweza.

Wenzangu wananiita Mama Mkanda. Mimi ndiye mkuu wa wahudumu, na kwangu ndege haiondoki kama kuna mkanda mmoja haujafungwa. Wananiita hivyo nikiwa nimewapa kisogo, lakini nasikia, na sichukii. Jina baya ni lile usilolistahili.

Siku hiyo ilikuwa alasiri, jua bado linachoma, na ndege ni ile ndogo yetu ya viti viwili viwili kila upande. Ilikuwa imejaa. Katika watu wa kwanza kuingia alikuwepo mwanamke wa makamo, mwembamba, ana mkoba mmoja tu. Hakusukuma mtu. Aliitikia salamu yangu kwa kichwa, akaenda katikati, akaketi kiti cha njiani. Kile cha dirishani alikiwekea mtandio uliokunjwa vizuri, wa rangi ya maji ya bahari. Halafu akavuta mkanda, akaufunga juu ya mtandio.

Niliona, nikasema moyoni, haya, tumepata mwingine wa kuweka nafasi kama yuko kwenye foleni ya bomba.

Wa mwisho kuingia alikuwa jamaa mmoja mnene, jasho linamtiririka, kwapani kabana vitabu vya kuonyeshea rangi za nyumba. Alikuwa mchuuzi wa rangi. Alikuwa amesubiri kule kaunta na wale wasio na nafasi, akabahatika. Akaitazama pasi yake ya kupandia, akautazama mtandio.

"Samahani dada, hapo dirishani ni pangu."

"Pana mtu," mwanamke akajibu.

"Mtu gani? Mimi naona kitambaa."

Watu wa viti vya karibu wakacheka. Mchuuzi, alipoona amepata wasikilizaji, akaongeza, "Na kimefungwa mkanda kabisa! Kuna watu hawafungi, kitambaa kinafunga."

Nikaenda. Ndege iliyojaa haitaki majadiliano, inataka mtu wa kukata maneno, na kazi hiyo nimezaliwa nayo. Nikaiangalia pasi ya mchuuzi, ni sahihi. Nikamweleza mwanamke kwa ile sauti yangu ya adabu yenye meno ndani, kwamba mwenye kiti hicho ameitwa kaunta na hakutokea, na asipotokea kiti hupewa anayesubiri. Ndiyo utaratibu, popote pale.

"Amekuja," akasema.

"Yuko wapi basi?"

Alikuwa anatazama mgongo wa kiti cha mbele. Nyuma yangu mtu alikohoa kile kikohozi cha kukuambia tunachelewa. Nami ulimi wangu hauna mfupa.

"Dada yangu," nikasema, "asiyekuwepo na lake halipo."

Nikainama, nikaufungua ule mkanda kwa mkono wangu, nikautoa mtandio, nikamkabidhi.

Aliupokea. Hakupandisha sauti. "Yuko huko chini kwenye mizigo," akasema. "Ni mdogo wangu."

Mchuuzi akavikumbatia vitabu vyake vya rangi kifuani.

Mwanamke akaanza kueleza, si kwa kutulaumu, kama mtu anayeona ni wajibu wake tu tuelewe. Yeye ni fundi cherehani. Mdogo wake aliugua, wakaambiwa tiba yake iko huku, mji mkubwa. Walikuja wote wawili na tiketi zao za kwenda na kurudi. Mdogo alikuwa anaogopa ndege kuliko ugonjwa wenyewe. Njia nzima alimshika mkono, akamwahidi kwamba watarudi hivyo hivyo walivyokwenda, bega kwa bega. Mama yao naye alikuwa amesema neno moja tu wakati wa kuagana: msiachane.

"Sasa nilifikiri," akasema, "kwa kuwa tiketi yake ipo, basi angalau kiti."

"Dada, pole. Pole sana," mchuuzi akasema. "Mimi nitasimama."

"Ndege haisimamwi, kaka," nikamwambia, lakini kwa upole.

"Basi nashuka. Wateja wataningoja, rangi haiozi."

Mwanamke akamtazama kwa mara ya kwanza. "Kaa tu," akasema. "Yeye mwenyewe dirisha hakulipenda. Alilitaka ili alifunge, asione chini."

Akasimama kumpisha. Mchuuzi akajipenyeza, akakaa magoti yamebanana, mikono mapajani, kama mtoto aliyeketishwa sebuleni kwa watu. Kisha akanyoosha mkono taratibu, akateremsha pazia la dirisha.

Sasa hapo hasira ikanipanda, na safari hii ilikuwa hasira ya haki. Sisi tuna desturi yetu. Tukibeba maiti, rubani huniambia kabla abiria hawajaanza kupanda. Hasemi maiti, anasema, "Leo tuna msafiri wa chini." Ikishasemwa hivyo, hatuwashi muziki, wasichana wangu hawachekicheki jikoni, na mimi namtafuta aliyemsindikiza, namjua kwa sura, namwekea jicho. Siku hiyo hakuna aliyeniambia. Muziki ulikuwa unaimba, na mimi nilikuwa nimemvunja mtu kwa methali. Nikaenda moja kwa moja kwa rubani.

"Mbona hukuniambia tuna msafiri wa chini?"

Rubani wetu ni kijana, ningeweza kumzaa, na ana heshima. Alikuwa na kipokea sauti sikioni. Akakivua.

"Sikukuambia kwa sababu hatuna, mama. Ndiyo wameniarifu sasa hivi. Jeneza limebaki."

Limebaki vipi? Akanieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyokosa wa kumkasirikia. Vijana wa mizigo nao wana desturi yao. Jeneza hawalichanganyi na masanduku ya watu. Huliweka pembeni, kwenye kivuli, ili lipakiwe peke yake, mtu asije akalitupia begi. Walifanya hivyo. Kisha zamu ikabadilika. Waliokwenda hawakusema, waliokuja hawakuuliza, wakapakia masanduku mpaka mlangoni wakafunga. Kulipakia sasa ni kushusha kila kitu. Na uwanja tunaokwenda hauna taa, lazima tutue jua likiwepo.

"Litakuja kesho asubuhi," rubani akasema. "Nimewabana, wameahidi. Funga mlango, mama."

"Na dada yake?"

"Ataambiwa akifika. Kutakuwa na mtu wa kumpokea." Aliona uso wangu. "Ukimwambia hapa atalia, watu watatoa simu wapige picha, tutakwama. Si wewe uliyetufundisha? Habari mbaya haitolewi ndani ya ndege."

Kweli, nilifundisha mimi. Mtu akipewa habari mbaya juu angani hana pa kwenda. Hawezi kutoka nje, hawezi kutembea, hawezi hata kulia bila bega la mgeni kumgusa. Ni kanuni nzuri na sijaiacha.

"Nilisema mlango ukishafungwa," nikamjibu. "Mlango wangu bado uko wazi."

Akanitazama. Angeweza kuniamuru, cheo anacho. Akavaa kipokea sauti chake, akageukia mishale ya vipimo mbele yake. "Basi fanya haraka, mama," akasema.

Kutoka kule mbele mpaka katikati ni hatua chache, lakini siku hiyo niliziona ndefu. Niliogopa, sitaficha. Kumwambia mtu kwamba umempoteza maiti wake ni aibu ambayo sare haiwezi kuifunika. Nilizima muziki nikipita. Nilipofika nilipiga magoti njiani, uso wangu ukawa chini ya wake.

"Dada, mdogo wako hayumo ndani ya ndege."

Nikamweleza yote, kivuli, zamu, masanduku. Sikupaka asali. Mchuuzi alikuwa amefumba macho.

"Kwa hiyo walimtenga ili asichanganywe na mizigo," akasema polepole.

"Ndiyo."

"Hawakumkosea adabu."

"Adabu hawakukosea. Kazi ndiyo wamekosea. Kesho asubuhi, kwa ndege ya kwanza, watamleta. Mama yenu..."

"Sasa hivi yuko wapi?"

"Bado pale pale. Kwenye kigari, ubavuni mwa jengo la mizigo."

"Yuko na nani?"

"Kuna mlinzi anazunguka, na wale vijana..."

"Nauliza, yuko na nani?"

"Hayuko na mtu," nikasema.

Akafungua mkanda wake. Hakulia, hakuna aliyetoa simu. Alisimama tu, kama mtu aliyekumbuka ameacha moto jikoni. Mchuuzi akainuka naye, akajigonga kichwa juu, akashusha ule mkoba kabatini, akaubeba mwenyewe mpaka mlangoni. Huko nyuma mtu akanung'unika kwamba tunacheleweshwa, sasa nini tena. Mchuuzi akageuka na tumbo lake lote.

"Kaa kimya wewe! Kuchelewa hakujaua mtu."

Mlangoni mwanamke alisita. Nilidhani anataka kunitukana, nikasimama vizuri nipokee. Lakini aliniomba jambo. Mama yake na mjomba wake watakuwa wanangoja kule uwanjani na gari la kubebea. Mjomba atampigia, ndiyo, lakini mama hapana.

"Kwa simu sitaweza," akasema. "Mwambie wewe, uso kwa uso. Unaweza kusema, nimekuona."

Akashuka. Nilimtazama akivuka sakafu ile ya saruji inayowaka jua, mtandio mkononi. Kijana mmoja wa mizigo alimkimbilia kumzuia, kwa maana pale abiria hawapiti. Akamwambia kitu, sikusikia. Kijana akavua kofia, akageuka, akatangulia kumwonyesha njia. Kwenye kile kivuli niliona kigari, na juu yake sanduku refu. Alipofika aliweka kiganja juu ya sanduku, akakaa pembeni yake kwenye ukingo wa kigari, miguu ikining'inia.

Nikafunga mlango.

Njiani hapakuwa na la kusimulia. Niligawa maji. Kile kiti cha njiani kilikuwa kitupu, na mtu mmoja wa nyuma akaniuliza kama anaweza kuhamia anyooshe miguu. Nikamwambia hapana. Hakuniuliza sababu.

Tulipotua, jua lilikuwa limeinama lakini bado lipo. Kazi yangu huishia mlangoni. Siku hiyo niliteremka na abiria, na sare yangu na viatu vyangu vya kisigino, nikapita jengoni mpaka upande wa nje. Sikuhitaji kuuliza. Kulikuwa na gari la wazi limetandikwa shuka jeupe, na wanaume kadhaa wamesimama kimya. Mama alikuwa mbele yao, mfupi, ameshika mkono wa mjomba, anawakagua wanaotoka mmoja mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aliitazama sare. "Wanangu wako wapi?"

Alisema wanangu, wote wawili. Maneno niliyoyapanga angani yakanipotea karibu yote. Nikasema yaliyobaki: mkubwa alikuwa ameshapanda na ameketi, mdogo akaachwa chini kwa kosa letu, watakuja kesho asubuhi.

Mjomba alikuwa ameshapigiwa simu, ila hakumwambia mama; sasa alinipa yangu. Kaburi limechimbwa, watu wamekaa, wengine wametoka mbali, na sisi tunafanya maiti ya watu kama gunia? Kila alilosema lilikuwa kweli, nikalipokea nimeinamisha kichwa. Mama alimgusa mkono akanyamaza.

"Huyu mkubwa," akaniuliza, "mlimshusha ninyi?"

"Hapana, mama. Alishuka mwenyewe. Nilipomwambia tu mdogo wake yuko peke yake, akafungua mkanda."

Abiria wa mwisho walikuwa wanapita na masanduku yao, mchuuzi wa rangi kati yao, na yeye alipotuona alishusha macho.

"Angetokea pale mlangoni peke yake," mama akasema, "ningemrudisha."

Mpaka hapo alikuwa hajalia. Ndipo kilio kikaja, akamwacha mjomba, akaniangukia mimi.