Shahidi wa Mpaka

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Apolinaria alikuwa amesimama kando ya barabara ya Tabora, upande wa Lusu wilayani Nzega, akiyapungia mkono malori ya mpunga. Saa nne alitakiwa awe mjini Tabora, kwenye baraza la ardhi. Shemeji yake, Festo, alikuwa ameliuza shamba la marehemu mumewe, na leo kesi ilikuwa inasikilizwa kwa mara ya mwisho. Basi la alfajiri halikupita.

Pembeni yake alisimama shahidi wake, Kapembe, mpagazi aliyekufa kwa homa enzi za misafara akazikwa kwenye mpaka wa shamba lile. Alikuwa ametoka kaburini tangu juzi, akaoga kisimani, na mzigo wake wa chumvi ulikuwa bado begani. Kwa sura alikuwa kijana wa miaka thelathini, lakini Apolinaria alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kusita.

Malori matatu yakapita.

"Ushushe huo mzigo, babu," Apolinaria alisema. "Wanaona utawajazia gari."

"Sijaambiwa kuwa nimefika."

Iliyosimama ni pikapu ya Hasnain, mwenye duka la vitenge mjini. Aliteremsha kioo, akawasikiliza, akamtazama Kapembe na udongo uliokuwa masikioni mwake.

"Shikamoo, babu. Mama atakaa mbele. Wewe utaniwia radhi, panda nyuma, kwenye majora ya vitenge."

Njiani Kapembe aligonga kioo kila walipopita mahali msafara wake ulipowahi kupiga kambi, akawataja wenzake waliobaki hapo. Kila mara Hasnain alipunguza mwendo kwa heshima. Walipopita kambi ya tano, Apolinaria akamwomba akanyage mafuta.

"Wale hawana kesi leo," alisema.

Barazani, mwenyekiti alimsikiliza Kapembe hadi mwisho: jinsi ukoo wa mume wa Apolinaria ulivyomchimbia kaburi, ukapanda minyaa kuonyesha mpaka, ukalima upande wa magharibi miaka yote hiyo. Hakuna aliyebisha. Hata Festo aliinamisha kichwa. Kisha mwenyekiti akaomba kitambulisho cha taifa. Kapembe hakuwa nacho. Mwenyekiti akaandika kwamba shahidi hatambuliki, kwamba shamba ni la mnunuzi, na kwamba vyote visivyo vyake viondolewe ndani ya siku thelathini.

Apolinaria hakulia. Alikwenda dirishani kwa karani, akamtaka amwandikie siku ya mwisho ya kukata rufaa, akaisoma mara mbili, akaikunja na kuitia kwenye pindo la kitenge.

Nje Kapembe alikuwa anamsubiri.

"Basi nihamie wapi?"

"Usihame. Mvua zikianza nalima palepale, waje wanitoe wenyewe. Jembe likikupitia juu, univumilie."

Kapembe aliuweka sawa mzigo wake begani.

"Upande wa kichwani," alisema, "lima taratibu."

Wakaifuata barabara ya kurudi Nzega, na lori la kwanza lilipotokea, Apolinaria akainua mkono.