Nyumba Yenye Njiwa

"Usiniletee habari za mabawa, Masunga! Jogoo wangu naye ana mabawa, mbona halali kwako?"

"Jogoo haruki ua, mama Paschal."

"Haruki kwa sababu ana adabu!"

Tulikuwa tumesimama kwenye ua wa minyaa unaotenganisha kwangu na kwake hapa Somanda. Mimi upande wangu, mkono kiunoni. Yeye upande wake, ameshika kopo la kumwagilia maua. Watu walishajaa. Kwangu watu hawakosi, maana nasuka nywele barazani na asiyesukwa anakuja kusikiliza. Siku hiyo wanawake watatu walikuwa wametoka na vichwa nusu, upande umesukwa, upande umesimama kama umepigwa shoti. Zena naye aliacha duka lake wazi ng'ambo ya barabara, akaja na mzani mkononi, asikose neno.

"Unawapa mtama," nikasema. "Unawatega."

"Nawawekea maji tu. Mtama wanaokota ule unaodondoka nikipepeta."

"Mwanamume mzima, unapepeta mtama!"

Wanawake wakacheka, nikapata nguvu. Lakini yeye akainama akaendelea kumwagilia, polepole, shina kwa shina, kana kwamba mimi ni redio ya jirani. Kugombana na Masunga ni kama kupiga godoro: vumbi lote linakurudia mwenyewe.

Juu ya bati lake, njiwa wangu kumi na mmoja walikuwa wamejipanga wakinitazama. Kibanda chao, kile mwanangu Paschal alichokijenga juu ya nguzo mbele ya nyumba yangu na kukipaka rangi ya bluu, kilikuwa kitupu siku ya nne.

"Jamani," Zena akasema kwa sauti ya kuwasikitikia waliokufa, "si wanasema njiwa hakai nyumba yenye ugomvi?"

"Zena, rudi ukapime sukari."

"Mimi nasema wanavyosema watu, shoga yangu."

Hilo ndilo lililonichoma. Kila mtu hapa anajua: njiwa wakihama kwako, wametangaza. Si mwizi, si paka. Wametangaza kwamba ndani hakuna amani. Na waliohamia kwake? Kwa Masunga!

Ngoja nikwambie Masunga ni nani. Miaka thelathini aliendesha malori ya pamba, kutoka huku hadi Dar na kurudi. Madereva wenzake walirudi na kitu. Mmoja alirudi na Fuso lake mwenyewe, mwingine na mke wa pili wa Morogoro, na hata yule aliyerudi na kesi, kesi nayo ina wageni wake. Masunga alirudi na mgongo mbovu na maboksi saba ya vitabu. Vitabu! Alivinunua njiani, kila mji alipolala. Kisha akazungushia uwanja wake maua. Sisemi mchicha, sisemi nyanya. Maua ambayo hata mbuzi anayanusa anaondoka. Jioni anakaa kwenye kiti cha kamba katikati ya hayo maua, miwani puani, anasoma mpaka herufi zigome. Hana redio ya kusikika, haji kwenye kahawa. Zena ndiye aliyemuuzia vyombo, akatuambia: mzee amenunua sahani mbili. Nyumba nzima sahani mbili, ya kulia na ya kufunikia. Huku kwetu mtu anayekula peke yake watu humwangalia mara mbili. Mimi nilimwangalia mara moja, ikatosha.

Ningewaacha hao njiwa waoze kwake. Shida ilikuwa Jumamosi.

Mwanangu Paschal anamtaka Anna, binti wa kijiji cha Ngulyati, mtoto mzuri, mpole kupita kiasi, ukimsalimia anajibu kwa kope. Wazee walikuwa wameshaelewana. Kilichobaki ni shangazi yake, Salu, aliyemlea tangu mama yake afariki. Salu alisema hatoi neno mpaka aone mji atakaokaa mtoto wake. Na Salu ana sifa. Mchumba wa kwanza wa Anna alikuwa wa Kalemela, watu wa samaki, wamejiandaa na kila kitu. Salu akafika mlangoni, akamwona mbwa wao mbavu zimehesabika, akageuka hata maji hajanywa. "Watu wanajua kuigiza," alisema. "Wanyama hawajui."

Sasa mtu huyo aje kwangu akute kibanda cha njiwa cha bluu, kirefu kuliko mlango, hakina hata unyoya! Na mwanangu amelia kwa ajili ya yule binti. Amelia, nilimsikia nyuma ya choo, kijana wa miaka ishirini na minne.

Kilichonimaliza zaidi ni mdomo wangu mwenyewe. Wiki mbili kabla, njiwa wakiwa bado wangu, nilimpokonya Paschal simu nikamwambia Salu: "Mayu, mama yangu, usihangaike na namba ya nyumba. Ukishuka hapo mjini mwambie bodaboda akupeleke Somanda, nyumba yenye njiwa. Wote wanaijua." Nilisema kwa maringo, na Zena anasikia.

Basi, Jumatano nikatangaza ukimya. Nikawaambia watu wangu wote, mume wangu Marcelo, wadogo zangu wawili, wapangaji, na wateja: kwangu sasa watu watanong'ona. Redio ikazimwa. Sufuria tukaziweka chini kama mayai. Nikasuka kichwa kizima bila kuuliza mtu habari za mumewe, nusura nipasuke. Kufikia Alhamisi wateja wakaanza kusema watarudi baadaye. Marcelo peke yake ndiye aliyefurahi, akanenepa usoni kwa siku mbili. Na njiwa? Hata mmoja hakugeuza shingo.

Ijumaa jioni nikafunga kanga, nikamchukua Paschal na tenga, nikapiga hodi kwa Masunga. Miaka mitatu jirani, sikuwahi kuvuka ule ua.

"Mwadila, mayu," akanisalimia, kana kwamba sikumtukana juzi.

"Nimekuja kuchukua mali yangu."

"Karibu. Wapo ndani."

Ndani! Nikaingia, na nilichokiona sitaki hata kukisimulia, lakini nitasimulia. Sebule nzima vitabu, vimepangwa kama sabuni dukani, kila kimoja kimevikwa karatasi ya kaki kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza. Juu ya rafu, njiwa wawili. Kwenye mkono wa kiti, mmoja. Chini ya meza, mwingine amelalia kofia kuukuu ya udereva, ametulia kama bibi harusi. Hakuna televisheni. Hakuna picha ya mtu. Harufu ya mchaichai inatoka kwenye birika.

"Unaishi hivi?" nikamuuliza. Sikuwa namtukana, nilitaka kujua kweli.

"Hivi hivi."

"Na hivi vitabu, ukishamaliza kusoma?"

"Naanza tena."

Nikamtazama Paschal anicheke naye. Paschal alikuwa ameshafungua kimoja. Ndani ya jalada kulikuwa kumeandikwa kwa kalamu: *Makambako, mvua, tairi mbili.* Akafungua kingine: *Singida, nasubiri spea, siku tatu.*

"Kila kimoja umeandika ulipokuwa?" Paschal akauliza.

"Nisiposahau. Miaka thelathini nimesikia injini, mwanangu. Kitabu ndicho kilikuwa hakingurumi."

Upuuzi. Nikamwambia mwanangu aache kuchafua karatasi za watu, akamate njiwa. Lakini wakamkwepa, wakapanda rafu za juu. Mwisho Masunga mwenyewe akanyoosha mkono, akawachukua mmoja mmoja, bila hata kufukuzana, akawatia kwenye tenga. Yule wa kwenye kofia alimweka pamoja na kofia yake.

"Utanirudishia kofia," akasema.

"Kofia yenyewe hata mwizi hataki."

Tukawafungia kwenye kibanda cha bluu, tukakaza wavu na misumari. Usiku ule nililala vizuri. Redio niliiwasha.

Jumamosi niliamka nikiwa mimi. Kuku wanne, wali, mchuzi wa nyama ya ng'ombe, maharage ya nazi ambayo nazi yake ilitoka kwa Zena kwa maneno mengi. Watu wangu wote walirudi, na wengine ambao siwajui. Sufuria zinagongana, watoto wanakimbizana, mimi nawapigia kelele wote kwa majina na wasio na majina. Marcelo amekaa chumbani na suti, joto linamtoa jasho. Saa tano nikaona wakati umefika. Njiwa waliofungiwa kwa wavu si njiwa, ni wafungwa, Salu angeona. Nikamwambia Paschal ang'oe wavu, tukamwaga mtama chini, bakuli zima.

Walitoka. Wakaruka wote kumi na mmoja kwa pamoja, wakazunguka juu ya nyumba yangu mara moja, kwa uzuri kabisa, watu wakapiga makofi. Kisha wakaenda kutua kwa Masunga.

"Haya," Zena akasema kutoka dukani. Neno hilo tu. Sijawahi kumchukia mtu kwa neno fupi hivyo.

Saa sita ikapita. Saa saba. Wali ukaanza kushikana. Paschal anapiga simu ya shangazi, inaita haipokelewi. Nikamtuma mdogo wangu kituo cha bodaboda. Akarudi anakimbia.

"Dada, wanasema walishamleta tangu saa sita! Mama mmoja mnene, ana kapu. Alisema nyumba yenye njiwa, wakamshusha nyumba yenye njiwa."

Nikageuka taratibu. Na hapo ndipo nikasikia, upande wa pili wa minyaa, mwanamke anacheka. Kicheko cha mtu aliyevua viatu.

Nilitenganisha minyaa kwa mikono, utomvu ukanimwagikia kwenye gauni jipya. Salu alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, katikati ya yale maua ya ovyo, miguu ameinyoosha. Njiwa wanatembea katikati ya vidole vyake vya miguu. Masunga amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, miwani puani, anamsomea kitabu.

"Mayu!" nikaita. "Umepotea! Siyo hapo! Huyo si mtu wetu!"

Salu akanyanyua mkono, kama mtu anayemnyamazisha mtoto kanisani. "Subiri kwanza. Huyu mwanamke anataka kumkimbia mumewe, hatujajua kama amefika stendi."

Akamaliza kusomewa ukurasa wake. Mimi nimesimama kwenye minyaa kama mbuzi aliyenasa, na nyuma yangu mtaa mzima umenyamaza. Sasa ndiyo wanajua kunyamaza.

"Nilimwambia tangu alipofika," Masunga akasema. "Nilimwambia ni nyumba ya pili."

"Aliniambia," Salu akasema. "Na mimi nilikuwa nimeshajua, mayu. Sauti yako niliisikia tangu pikipiki haijasimama. Unamwita mtu mmoja majina matano. Nikamuuliza huyu mzee, pale ndipo ninapokwenda? Akasema ndipo. Nikamwambia, basi nipe kiti kwanza."

Mimi, Justina, nikaanza kujifuta utomvu kwenye gauni. Pembeni yangu Paschal alikuwa amefika, amekamata tawi la minyaa, utomvu unamtiririkia mkononi, hausikii.

"Shangazi," akasema, "njiwa wamehama kwetu. Siyo kwamba..."

"Nimeona kibanda. Kizuri. Umekijenga wewe?"

"Ndiyo, shangazi."

"Njiwa wana haki ya kuchoka." Akavaa kiatu kimoja. "Anna hajazoea watu wengi. Nyumba yangu tuko wawili na mbuzi. Nilikuwa naogopa: mtoto akishindwa na kelele za ukweni, atakimbilia wapi? Atarudi Ngulyati kwa miguu, analia barabarani, watu wanamwona?" Akanitazama, na jicho lake lilikuwa na dharau sawasawa na yangu, saizi moja. "Sasa nimeona. Ataruka ua, atakaa hapa saa moja, atarudi. Huyu mzee amekubali. Nimeshamuuliza."

"Una maana..." Paschal akasema.

"Nina maana leteni mahari wakati wenu. Na mwambie mama yako huo ua autoboe mlango."

Nyuma yangu watu wakalipuka kwa vigelegele, Zena wa kwanza, kama ndiye mzazi. Mwanangu akajifuta macho kwa mkono wenye utomvu, mjinga, ikabidi wamkimbize kwenye maji. Mimi nikapumua kwa mara ya kwanza tangu njiwa wahame, na papo hapo nikakasirika upya. Yaani mwanangu ameoa kwa hisani ya Masunga! Kwa hisani ya maua!

"Basi twende, mayu," nikamwambia Salu. "Kuku wanne wanakungoja, wali, nyama, kila kitu."

"Nimeshanawa mikono hapa," akasema. "Nimenawa kwa mtu, siwezi kuondoka sijala. Hao kuku wataruka ua, kama wenzao."

Mlangoni kwa Masunga kulikuwa na meza ndogo. Ugali wa mtama, bakuli la nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, iliyoungwa kwa karanga, na zile sahani zake mbili, mbili tu kama Zena alivyosema. Masunga akaziangalia, akaniangalia. Akaingia ndani. Nikasikia akifungua kabati, akifunga. Akatoka na mfuniko wa sufuria, anaufuta kwa pindo la shati, akaupindua, akauweka mezani kando ya sahani zile mbili. Njiwa aliyekuwa juu ya meza akasogea kuupisha.

"Zungukia getini, mama Paschal," akasema. "Karibu ndani, tule."