Alichojua Mbarka

Mwalimu mmoja wa Mahdia alipomposa Wided, mama yake Wided, Mbarka, alikataa. Alisema watu wa pwani hawajulikani asili yao, huenda wana maradhi ya ukoo na wanayaficha, binti akaja kuangamiza kizazi chake. Heri ndugu. Wided akaolewa na Lazhar, mtoto wa mama yake mkubwa, Khadra, pale pale mjini kwao Sbeitla, nyumba zikitazamana. Hakuona uchungu. Lazhar alikuwa fundi wa majokofu, mpole, na tangu utotoni walikuwa wakila sahani moja.

Mtoto wa kwanza, Sirin, alikua bila shida. Wa pili, Aymen, alianza kuharisha kabla hajajua kukaa, kifua kikambana, akafa. Mbarka ndiye aliyemwosha. Alimkumbatia bintiye, akamwambia ni jicho la watu, na ni kadari. Azae tena, Mungu atafidia.

Akazaa tena. Rihem naye alipoanza kuharisha, kinywa kikajaa utando mweupe, Wided hakungoja mtu wa kumsomea. Yeye na mumewe walimbeba mpaka Tunis, kwenye hospitali ya watoto, wakapokelewa na Daktari Neziha, mwanamke mwenye mvi asiyejua haraka. Majibu ya damu yalipotoka, aliwakalisha.

"Jeni za ulinzi za huyu mtoto zipo, nzima kabisa," alisema. "Zimelala tu. Mwilini kuna protini ambayo kazi yake ni kuzishika jeni hizo na kuziamsha. Kwa Rihem protini hiyo ni mbovu, haishiki. Sasa virusi wanaingia, na wao wana protini zao za kuamsha jeni zao. Wao wanaamka, mtoto amelala."

"Amepata wapi ubovu huo?" Lazhar aliuliza.

"Kwenu wawili. Kila mmoja wenu ana nakala moja nzima na moja mbovu. Nyie mmetosheka na ile nzima. Yeye amerithi mbovu mbili."

Akauliza kama kuna mtoto mwingine katika ukoo aliyekufa mchanga. Wided alimtaja Aymen. Lazhar akamkumbuka mdogo wake, Walid, aliyekufa yeye akiwa bado anavaa kaptula. Nyumbani walisema ni jicho. Daktari akaomba bibi wa pande zote mbili waje watoe damu.

Khadra alikuwa na miguu mibovu, kwa hiyo Mbarka alikuja peke yake, na kikapu cha mikate na pilipili ya kusaga. Alipoingia tu, daktari alimkazia macho.

"Hajati, sisi tunajuana."

Mbarka alisema hapana, hospitali hii hajawahi kuikanyaga.

"Ulikuja na dada yako. Walid ndiye mtoto wa kwanza kunifia mikononi, siwezi kuwasahau. Niliwaambieni ugonjwa uko kwenye ukoo, watoto wenu wasioane."

Daktari akamgeukia Wided, akaona alivyobadilika uso. Alikuwa amedhani wameambiwa.

Wided alimfuata mama yake ukumbini. Hakupaza sauti. Mbarka aliketi kwenye benchi, kikapu mapajani, akajitetea: baba yake Wided alipokufa, Khadra ndiye aliyewapa paa, alipomtaka Wided kwa mwanawe, angemjibu nini? Kwamba damu yake mbovu, na hali ni damu yao wote? Na habari ikitoka nje, nani angewaposa mabinti zake?

"Ulimwosha Aymen," Wided alisema. "Ulimwosha huku unajua."

"Nilikuwa namwomba Mungu, mwanangu."

"Ungeniambia, tukaomba wote."

Sumu ile haikuishia kwa Mbarka. Kwa muda mrefu Wided alimshuku mumewe pia. Lazhar aliapa kuwa hakujua, akampigia mama yake simu mbele yake, na Khadra akakata bila neno. Hata hivyo Wided alilala akiwa amempa mgongo. Kama mama aliyemzaa ameweza, alijiambia, mtoto wa Khadra atashindwaje?

Tiba ilikuwa uboho wa ndugu, na wa Sirin ukapatana na wa mdogo wake. Ulipandikizwa, na baada yake zikaja homa zilizowafanya madaktari wazungumze wakiwa wamewapa wazazi visogo. Chakula alichotuma Mbarka, Wided aliwagawia akina mama wengine wodini. Homa zikapungua polepole. Chembe mpya zilipoanza kufanya kazi, Daktari Neziha alikuja mwenyewe kuwaambia zile jeni zimeamka. Lazhar alilia kama mtoto, na hapo ndipo Wided alipomwamini.

Kilichobaki ni Ibtisam, mdogo wake Wided, aliyekuwa amechumbiwa na Nizar, mdogo wake Lazhar. Mbarka alimsihi Wided asivunje nyumba kabla haijajengwa. Wided alimpigia Ibtisam simu siku hiyo hiyo akamweleza yote. Wachumba wale wakapima. Ibtisam alikuwa na nakala mbovu kama dada yake. Nizar hakuwa nayo. Hakuna mtoto wao atakayerithi mbili. Harusi ikaendelea.

"Umeona?" Mbarka alisema. "Fujo yote ile ya bure."

Wided alikwenda harusini na Rihem, ambaye alikuwa ameanza kutembea, akaketi na wageni wa upande wa Nizar. Wakati wa kula kuskusi Mbarka alikuja akanyoosha mikono, na mtoto, asiyejua la zamani wala la jana, akamwendea. Wided alimwacha. Alisimama kando akiangalia, mpaka alipoona bilauri mkononi mwa mama yake.

"Maji yake yanachemshwa," alisema, akaichukua.

"Huniamini hata kwa maji?"

"Hapana, mama."

Rihem alikuwa akivuta kitambaa cha kichwani cha bibi yake, na wapiga ngoma walikuwa wanaingia, kwa hiyo Wided alimchukua mtoto akatoka naye uani.