Mtaalamu wa Laptop wa Mfaranyaki

Hakuna laptop iliyowahi kumdanganya Tadei. Hayo aliyasema mwenyewe kila asubuhi pale kijiweni Mfaranyaki, Songea, wakati wenzake wa bodaboda wakisubiri abiria, na kwa kuwa kijiweni hapakuwa na laptop hata moja ya kumpinga, maneno yake yalikuwa yamesimama miaka minne bila kuanguka.

"Mimi laptop naisikiliza tu," alisema. "Ukiiwasha, ikishapumua mara moja, nakwambia ina ugonjwa gani na mwenye nayo alikuwa anakula nini."

Utaalamu huo aliupata sekondari, kwenye chumba chenye kompyuta tano. Kila mashine walikaa sita. Wa kwanza alishika kipanya, wa pili kibodi, wa tatu na wa nne walitoa ushauri, wa tano aliwazuia wengine wasisukume. Tadei alikuwa wa sita. Lakini alikuwa na macho mazuri, na shule ikishaisha nani atakuja kuuliza ulikaa wa ngapi.

Kwa hiyo dada yake Rosemary alipopiga simu kutoka Madaba, mwezi wa saba baridi ikiwa kali, hakuwa na sababu ya kumtilia shaka.

Rosemary alikuwa mwalimu wa darasa la pili, na jioni na wikendi alikuwa akijisomea stashahada. Ripoti yake ya utafiti ilikuwa imekwisha, yote kwa mkono, imejaza kauntabuku mbili. Chuo kiliitaka imechapwa, na mwisho wa kuipokea ulikuwa Jumatatu ya wiki inayofuata. Mara ya kwanza aliipeleka steshenari mjini. Ikachapwa nusu, flashi ikashika virusi, nusu yenyewe ikaenda na maji. Akichelewa safari hii, angesubiri mwaka mzima.

"Sikiliza, Tadei," alisema kwenye simu. "Sitaki makubwa. Nataka ya kuandikia, ya kufungulia mafaili ya chuo, na intaneti kidogo. Laki nne ninayokutumia nimeichanga miaka miwili, nyuma yake hakuna nyingine. Ukiniletea bovu nimekwisha."

"Dada, umempigia mwenyewe."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba usiwe na haraka."

Kesho yake Tadei aliingia kwenye duka la Azizi, kijana mpole mwenye ndevu zilizochongwa kwa rula, aliyekuwa akiuza laptop upande mmoja na kutengeneza simu upande wa pili.

"Unatafuta mpya au used, kaka?"

"Natafuta nzuri," alisema Tadei, kama mtu asiye na muda wa maswali madogo.

Azizi akaangalia viatu vyake, akaangalia koti lake, akashusha laptop moja kutoka rafu ya juu. Ilikuwa nyembamba, rangi ya fedha, na ilipowashwa vitufe vyake vyote vikawaka taa za bluu. Moyo wa Tadei ukawaka nazo. Alijiona kijiweni ameifungua mapajani, watu wamemzunguka, halafu akakumbuka kwamba ni ya dada yake, halafu akajiambia kwamba angalau njiani ataifungua.

Akainama, akatega sikio.

"Inapumua vizuri," alisema.

"Hiyo haina feni, kaka," alisema Azizi.

"Ndiyo maana."

Kwenye benchi la kusubiria alikuwa amekaa mama mmoja mnene, kitenge kiunoni na sweta zito juu, chai na chapati mkononi, anasubiri simu yake ibadilishwe kioo. Kutoka kwenye mkoba wake ilichungulia ncha ya bambo, kile chuma chenye mfereji ambacho wanunuzi wa mahindi hukichomeka ubavuni mwa gunia kuchota punje za katikati, kwa sababu punje za mdomoni kila mtu anajua kuzipanga. Tadei alikijua vizuri. Alikua akibeba magunia, na gunia hata lingefungwa kwa utepe wa harusi asingelinunua bila kulichoma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo unajinunulia?"

"Ya dada yangu, mwalimu Madaba. Ana ripoti ya chuo ya kuchapa."

"Basi ichape tuone."

"Tuone nini, mama?"

"Kama inachapa."

Azizi akafungua ukurasa mtupu. Tadei akakunja mikono ya koti, akanyoosha kidole cha shahada, akaanza kutafuta herufi moja moja kama anayechambua mchele. Mama akatafuna chapati yake, anamtazama.

"Wataalamu wanaandika kwa kidole kimoja siku hizi?"

"Vingine navipumzisha, mama."

"Sawa. Wewe kijana wa duka, hebu chomoa huo waya."

Tadei akamshika mkono yule mama, kwa sababu gani mwenyewe hajui. "Mama, taratibu, utaiua mashine ya watu."

"Kama inakufa, bora ifie hapa."

Azizi akachomoa waya. Tadei akaendelea na kidole chake. Hata chapati haijaisha, taa za bluu zikafifia, skrini ikawa nyeusi, na ndani yake Tadei akaona uso wa mtu mmoja mwenye mdomo wazi.



"Betri imechoka," alisema Azizi. "Ukiwa na umeme muda wote haina neno."

"Kwa dada yako umeme upo muda wote?" mama alimuuliza Tadei.

"Huwa unaondoka bila kuaga," alisema Tadei. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Na ndani inabeba kiasi gani?"

Azizi hakuwa tapeli. Alikuwa muuzaji tu, na muuzaji humpa mteja kile macho yake yamekishika. Alipoulizwa alijibu. "Ina GB thelathini na mbili. Mfumo wenyewe umeshakalia karibu zote."

"Yaani gunia limejaa kabla hujatia mahindi."

Mkono wa Tadei ulikuwa mfukoni, umezishika zile laki nne. Alikuwa ameshazitoa nusu. Akazirudisha polepole, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akasikia maneno ya dada yake yalivyokuwa hasa: nimekwisha. Shilingi ya mwalimu wa Madaba, miaka miwili bila kitenge kipya, yeye alitaka kuinunulia taa.

"Sasa mama, mimi nitajuaje?" aliuliza, na hili lilikuwa swali la kweli, labda la kwanza mwaka ule.

"Hata mimi sijui laptop," alisema mama. "Najua kununua. Ingekuwa gunia ningelichoma. Hii siwezi kuichoma, basi ifanyishe kazi ileile inayokwenda kufanya, palepale, mwenye mali anaangalia. Kijana, huna nyingine? Hata yenye sura mbaya."

Azizi akainama rafu ya chini kabisa, akatoa laptop nyeusi, nene, kona moja imechubuka. Akaifuta vumbi kwa kiganja, kwa aibu kidogo. "Hii ilikuwa ya ofisini, imetoka nje, used. Inafanya kazi vizuri lakini haivutii. Watu wanaipita."

"Ichaji kwanza. Sisi tupo."

Walikuwepo, kweli. Ilipojaa, waya ukachomolewa, na Tadei akapewa kazi ya kuchapa tangazo zima la jumuiya lililokuwa kwenye mkoba wa mama, kila herufi na kila namba. Kitufe cha nafasi kilikuwa kizito. Mama akamfanya Azizi akifungue, akisafishe, akirudishe. Akafunga na kufungua mfuniko mara kumi, akisikiliza bawaba kama za mlango wa ghala. Akamwambia Tadei aiweke mapajani aone kama inaunguza. Wakaiunganisha na simu ya Tadei, ikapata intaneti. Wakachomeka flashi, ikasoma. Mama akaagiza chai ya pili, halafu ya tatu, kioo cha simu yake kikaisha kufungwa, na betri ilikuwa bado ina zaidi ya nusu.

"RAM ni nane, na nafasi ni GB mia mbili hamsini na sita," alisema Azizi, ambaye sasa alikuwa anajibu kabla hajaulizwa.

"Hizo zinamtosha mwalimu?" mama aliuliza.

"Zinamtosha na wanafunzi wake."

Bei aliishusha mama, kwa maneno ambayo Azizi aliomba yasitoke nje, ikabaki chenji ya kutosha kununua begi. Kisha akamtaka aandike kwenye risiti kwamba ikigoma ndani ya mwezi inarudi, na aweke na sahihi. Azizi akaandika. Alikuwa anatabasamu kama mwanafunzi aliyepigwa na kufundishwa kwa pamoja.

Nje ya duka Tadei alisimama na laptop mkononi. Kwa kawaida maneno hayakuwa yakimpotea.

"Mama, sijui hata nianzie wapi kukushukuru."

"Anzia kwenye gari," alisema mama. "Naitwa Mama Theodosia. Fuso yangu inaenda Madaba kuchukua mahindi, nafasi ya mbele ipo. Utalipia nauli ya nini?"

Hivyo ndivyo laptop ilivyopanda Fuso. Saa tisa alasiri Mama Theodosia alimshusha Tadei kwenye nyumba za walimu, akamwambia amsalimie dada, gari likaendelea na safari yake ya kukusanya magunia.

Rosemary alikuwa ametoka darasani, vumbi la chaki bado kwenye mikono. Aliinawa kwanza, mara mbili, ndipo akaigusa laptop. Akaiwasha, akafungua kauntabuku ya kwanza, akaanza kuchapa kwa vidole vyote kumi, jambo ambalo Tadei alilitazama kwa heshima. Ilipofika saa kumi na nusu, taa ya sebuleni ikazima, redio ya jirani ikanyamaza, umeme ukawa umeshaondoka zake.

Skrini ikabaki inawaka.

Rosemary akaacha kuchapa. Akaweka kiganja juu ya ile kona iliyochubuka, kama anavyomgusa mtoto wa darasa la pili paji la uso kuona kama homa imeshuka.

"Asante Mungu," alisema. "Tadei, hujui. Nilikuwa naota naandika kwa mkono na karatasi zinaruka. Kila usiku." Akajifuta macho kwa upande wa khanga, akacheka. "Subiri. Kuna ukurasa nilikuwa naogopa kuuandika kabla ya wakati."

Akafungua ukurasa mpya, akaandika juu, katikati: SHUKRANI.

"Wa kwanza Mungu. Wa pili msimamizi wangu. Wa tatu wewe."

"Dada, mimi siyo lazima."

"Ni lazima. Niambie ulifanyaje, nisiandike uongo."

Hapa ni haki kusema kwamba jina la Mama Theodosia lilipanda kifuani kwa Tadei, likapita kooni, likafika mpaka ulimini. Lilipofika likakuta ulimi umeshaanza kazi nyingine.

"Kwanza wakaniletea moja ya kung'aa," alisema, akiegemea kiti. "Mtu mwingine angeichukua. Mimi nikamwambia muuzaji, hebu chomoa huo waya. Jamaa akashtuka. Haijapita hata dakika tano, ikazima. Nikamwambia, kama inakufa, bora ifie hapa."

"Wewe, Tadei? Ulisema hivyo?"

"Nikamwambia, gunia limejaa kabla hujatia mahindi."

Rosemary alikuwa anachapa haraka, uso umechangamka. "Namshukuru mdogo wangu Tadei, ambaye kwa utaalamu wake..."

"Mkubwa," alisema Tadei. "Utaalamu wake mkubwa."

"...utaalamu wake mkubwa, alisimama dukani..."

"Hodi hapa."

Tadei aliijua sauti ile kabla hajageuka, kwa hiyo hakugeuka. Alianza kuchunguza ukuta.

"Karibu, mama. Shikamoo," alisema Rosemary akinyanyuka.

"Marahaba, mwalimu. Samahani, rejeta imechemka hapo mbele, dereva wangu anaomba ndoo ya maji." Mama Theodosia alikuwa mlangoni, pumba za mahindi kwenye sweta. Macho yake yakapita kwa Tadei, yakatua mezani. Uso wake wote ukafunguka. "Lo, imeshaanza kazi. Na umeme hakuna. Inashika?"

"Inashika, mama," alisema Rosemary, akimtazama mmoja, kisha mwingine. "Kumbe mnafahamiana?"

"Nisimfahamu vipi mtu niliyekaa naye dukani mpaka nikanywa chai tatu? Pale nilipomwambia muuzaji achomoe waya huyu alinikamata mkono, akaniambia nitaiua mashine ya watu." Alicheka, bila ubaya wowote. "Lakini nimempenda. Alikuwa na roho ya kuuliza asichokijua. Wengi hawana."

Rosemary akakaa. Akausoma ukurasa wake tangu juu, polepole, kama anayesahihisha daftari. Tadei bado alikuwa na ukuta wake.

"Mama," alisema Rosemary, na sauti yake ilikuwa imejaa, "hii ripoti ni mwaka wangu mzima. Asante. Maji yapo pipani nje, yote chukueni, na ugali utaukuta tayari. Jina lako kamili nani?"

"La nini, mwanangu?"

"Nataka kuliandika."

Mama akalitaja, kwa haya. Rosemary akalichapa pale kwenye nafasi ya tatu, likakaa vizuri. Kisha akasogeza kishale kwenye jina la mdogo wake, kidole juu ya kitufe cha kufuta.

"Na huyu tumwandike nini?"

"Niache hata kidogo, dada," alisema Tadei kwa ukuta. "Andika nimeibeba. Kutoka Songea mpaka hapa, mapajani, nimeishika kama yai. Hilo ni kweli tupu."

Rosemary akamgeukia Mama Theodosia, akasubiri.

"Alilala," alisema Mama Theodosia. "Aliyeipakata ni mimi."