Vioo vya Antwerp

Kijiji chetu kimebaki watu saba, wote wanawake, na wote wanaimba. Nyumba bado zipo, zile ambazo hazijaangushwa, lakini serikali ya Ukraine ilituhamisha kwa sababu ya vita, maana mpaka wa Urusi uko karibu mno. Huyu akaangukia mji wa Sumy, yule Romny, mwingine kwa binti yake Poltava. Siku hizi tunakutana kwenye kwaya tu. Ndiyo maana Zinaida, kiongozi wetu, aliyekuwa mwalimu wa hesabu na hata leo anatutazama kana kwamba tumesahau madaftari nyumbani, husema kwaya ikifa na kijiji kimekufa, na sisi tutabaki wapangaji wa vyumba vya watu.

Tulikuwa tumetengeneza kazi moja pamoja na Wabelgiji. Mtunzi wao, Wannes, ni kijana mrefu aliyejifunza lugha yetu kutoka kwenye nyimbo zetu, kwa hiyo hata akiomba chumvi mezani anaiomba kama bibi harusi wa zamani. Nyimbo zilikuwa zetu, za kuvuna ngano, na chini yake mazeze makubwa mawili ya kwao, moja akilipiga Wannes mwenyewe, yakikoroma. Mimi mwanzoni niliona ni upuuzi. Nilidhani mazeze yale yatatuzamisha. Baadaye nikazoea, na baada ya kuzoea nikapenda, ingawa Zinaida sikumwambia.

Sasa huko Ulaya kuna mfuko unaotoa fedha ili kazi kama hizi, zilizobuniwa na Waukraine na wenzao, ziende kuonyeshwa nchi mbalimbali. Mfuko ulikubali kutulipia basi, vitanda na chakula majira yote ya kuchipua, mradi kumbi za kutosha ziseme ziko tayari kutupokea. Wenye kumbi wangekuja kutusikiliza Antwerp, kwao Wabelgiji, jioni moja tu. Wakitupenda, tunazunguka pamoja, tunalala bila ving'ora. Wasipotupenda, kila mtu anarudi chumbani kwake akatazame ukuta.

Na kazi yote ilimtegemea Tamila.

Kwetu wimbo hujengwa na sauti nyingi nzito zinazokwenda pamoja, kisha mmoja peke yake anapanda juu yake. Huyo ndiye paa. Mimi na wengine ni kuta, na kuta unaweza kupunguza mmoja, nyumba ikasimama. Tamila ndiye aliyekuwa akipanda. Ana miaka sitini na kifua cha njiwa, na sijui pumzi ile anaiweka wapi.

Mwanawe wa pekee, Rostyk, alipotea vitani karibu na Lyman. Hakusemwa kafa, hakusemwa yu hai. Walichukua mate ya mama mtu kwa ajili ya kulinganisha na miili inayorudishwa, wakamwambia asubiri. Akasubiri huku akiimba. Watu walimsema sana, maana desturi yetu inajulikana: aliyefiwa haimbi mwaka mzima. Shemeji yake alimjia juu sokoni mbele ya watu: "Mama gani wewe, unafungua mdomo na mtoto hajulikani alipo?" Tamila akamjibu taratibu, huku akichagua vitunguu: "Nikinyamaza, nitakuwa nimemzika. Wewe unataka nimzike?"

Basi tukaenda. Safari ile ilikuwa ndefu, ya vichekesho. Bibi Yavdokha, mkubwa wetu, alibeba mafuta ya nguruwe ya chumvi ndani ya mto wa kulalia, na mpakani askari mmoja wa Poland akaubonyeza mto, akainama akaunusa, akaguna.

"Bibi, unalalia nini humu?"

"Ndoto tamu, mwanangu," alisema Bibi Yavdokha. "Kata kipande nawe uote."

Tamila alicheka mpaka akashika mbavu. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu Rostyk apotee.

Asubuhi ya onyesho, Antwerp, simu ya Zinaida ililia tukiwa kwenye kifungua kinywa. Tamila alikuwa ameshatangulia ukumbini na Wannes kujaribu sauti. Aliyepiga alikuwa mkuu wa kijiji chetu, ambaye hana kijiji lakini bado ana namba zetu. Zinaida alisikiliza, akasema "ndiyo" mara nyingi, kisha akaiweka simu kifudifudi karibu na mkate.

"Ni Rostyk," alisema. "Vipimo vimelingana. Watu wa jeshi wamefika kwa Tamila, kule Romny, wakakuta mlango umefungwa."

Liuba akaanza kulia palepale. Liuba ndiye mdogo wetu, ana mtoto mmoja nyumbani, mumewe yuko mstari wa mbele, na habari ya kifo cha yeyote humfika kama ya kwake.

"Futa machozi," Zinaida alimwambia. "Tutamwambia baada ya onyesho."

"Zina, una wazimu?" nilisema. "Yule ni mama mtu!"

"Najua ni nani. Akijua, haimbi. Asipoimba leo, hakuna safari. Hakuna safari, hakuna sisi. Raisa, wewe unataka kurudi kule kwenye kile chumba chako juu ya duka la matairi? Sema."

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," nilimjibu.

Halafu akasema kwa sauti nyingine kabisa, ambayo sikuwahi kuisikia alipokuwa mwalimu: "Rostyk hatafufuka kabla ya jioni. Mwacheni awe na mtoto siku moja zaidi. Mmeona alivyocheka?"

Kwa hilo alinishinda. Ningekuwa mimi, labda ningependa kupewa siku hiyo. Sijui. Tulikubaliana wote, hata Bibi Yavdokha, aliyekuwa akisikiliza huku mikono yake ikikunja na kukunjua kitambaa cha meza.

Siku ile ilikuwa adhabu. Tamila alirudi kwa chakula cha mchana akiwa amechangamka, akatusimulia jinsi ukumbi unavyorudisha sauti, akamlazimisha Liuba kula. "Mbona umekonda hivi, mdogo wangu? Mumeo akirudi atadhani tumembadilishia mke." Tukacheka. Kila mmoja wetu alicheka. Zinaida peke yake alikula sahani nzima kama mtu anayetimiza kazi.

Jioni tulivaa mapema: mashati ya kutarizi, sketi nzito, shanga nyekundu za marijani. Tamila akaitwa tena jukwaani na Wannes kwa jambo la taa. Sisi tukatoka kwenda kunywa chai kwenye korido, tukamwacha Bibi Yavdokha chumbani apumzishe miguu. Chumba kile cha kuvalia kilikuwa na vioo ukuta mzima, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kimezungukwa na taa. Hakuna aliyefikiri juu ya vioo. Sisi tulikuwa tumeifunga midomo yetu, tukaona tumemaliza kazi.

Tuliporudi, Tamila alikuwa ametukuta kwenye korido, amenishika mkono. Mimi ndiye niliyefungua mlango.

Vioo vyote vilikuwa vimefunikwa. Kimoja kwa taulo la ukumbi, kingine kwa shali, kingine kwa koti langu mwenyewe. Bibi Yavdokha alisimama mbele ya kile cha mwisho na fulana mkononi, akijitahidi kukifikia. Amezika wazazi, mume, dada na watoto wawili. Mahali penye msiba, mikono yake haisubiri kumuuliza. Aligeuka akatuona, kisha akaitazama ile fulana kana kwamba ni mtu mwingine aliyemshikisha.

Kwetu kioo hufunikwa kwa jambo moja tu, kifo. Hata mtoto wa miaka mitatu anajua.

"Zile taa," Zinaida alianza, "zinaumiza macho ya Bibi..."

"Zina," Tamila alisema. "Acha."

Akauachia mkono wangu. Akatutazama mmoja mmoja, na nikaona anachofanya: anatafuta ni nani. Macho yake yakatua kwa Liuba, ambaye tayari machozi yalikuwa yakimtiririka. Akaenda moja kwa moja akamkumbatia, akamlaza kichwa begani.

"Lia, mwanangu. Lia usijizuie. Mimi niko hapa, tutamlea mtoto wako pamoja. Maskini wee, mumeo alikuwa mtu mwema."

Liuba alitikisa kichwa begani kwake. Mwishowe akasema, "Si mimi, shangazi. Si mimi."

Tamila akamwachia. Akanigeukia. "Raisa. Ni Yehor wako?"

Mwanangu Yehor yuko vitani Kupiansk. Nilisema, "Hapana," na Mungu anisamehe, kusema neno lile kulinipa furaha. Ilinipitia mwilini kama maji ya moto. Akaiona usoni pangu, naye akamtazama Zinaida, ambaye ana mkwe tu, na mkwe huyo yuko hospitali Dnipro amekatwa mguu, yu salama. Akamtazama Bibi Yavdokha, ambaye hana tena wa kufa. Akawatazama wale wawili waliobaki, ambao wana mabinti tu.

Hapakuwa na mwingine wa kuuliza. Alisimama katikati ya chumba, na nadhani bado alikuwa akimtafuta mfiwa kati yetu.

"Tangu lini?" alisema.

"Asubuhi," alisema Zinaida.

"Asubuhi." Akazivua shanga shingoni akaziweka mezani, akakitoa kitambaa chake chekundu kichwani. "Mmeninywesha supu. Mmenichekesha."

"Mikono tu, Tamila wangu," Bibi Yavdokha alikuwa akinong'ona. "Mikono imefanya yenyewe."

Mtu akagonga mlango kutuita jukwaani. Zinaida akasema, "Hatuendi." Alimaanisha, uso wake ulikuwa umeanguka wote. Lakini Tamila alishakaa sakafuni, mgongo ukiwa kwenye ukuta.

"Nendeni," alisema. "Mkikaa hapa mtanitazama."

Tukaenda. Nikikuuliza ungefanya nini sijui utasema nini, lakini miguu ilituchukua. Ukumbi ulikuwa umejaa. Tuliimba kuta. Tulipofika pale ambapo Tamila hupanda, tulinyamaza kama siku zote ili tumpishe, maana hata pumzi zetu zilikuwa zimezoea, na kwenye kile kimya kikaingia kilio kutoka chumba cha kuvalia, nyuma ya ukuta wa jukwaa.

Haukuwa wimbo. Kwetu mama humlilia maiti kwa maneno, akimuuliza maswali. "Rostyk wangu, nani alikufumba macho? Mkono wa nani, mwanangu, uliokuwa karibu?" Wannes, ambaye hakuna aliyemwambia lolote, aliinua uso, akasikiliza, kisha akaishusha sauti ya zeze lake polepole ikawa chini ya kilio kile. Sisi tukasimama na midomo wazi. Hatukuimba tena. Kilio kikaendelea mpaka mtu fulani akazima taa, na watu wote wakasimama kupiga makofi, wengine wakijifuta macho.

Kwenye korido Wannes alitujia na mzee mmoja mwenye kumbi, na nyuma yake wengine wakisukumana, wote wamechangamka. Wannes alikuwa mwekundu kwa furaha.

"Wanatutaka!" alisema. "Wote! Huyu anauliza ile sauti ya nyuma ya ukuta. Hajawahi kusikia kitu kama kile. Anauliza kama itakuwepo kila mji."

Zinaida alimtazama. "Mwambie yule ni mama anamlilia mwanawe."

Wannes akamtafsiria. Nilimwona akielewa katikati ya sentensi yake mwenyewe. Wekundu ukamtoka usoni. Mzee yule aliweka mkono kifuani. Macho yake yalijaa machozi, machozi ya kweli, na akasema maneno machache ya upole.

"Anasemaje?" niliuliza.

Wannes hakutaka kusema. Nilimshika shati.

"Anasema alielewa hivyohivyo tangu mwanzo," alisema. "Kwamba ni mama anamlilia mwanawe. Anasema ndiyo maana anaitaka."