Fimbo ya Kabatini

Kazini walimwita Masikio, na yeye hakulikataa jina hilo. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini, hakina dirisha. Kilikuwa na meza, kiti chenye mto uliokonda, na vipokea sauti ambavyo sponji zake zilikwisha kuchukua umbo la kichwa chake. Alisikiliza simu za watu ambao jaji ametoa kibali wasikilizwe, akaandika lolote linalogusa usalama wa taifa. Yasiyogusa hakutakiwa kuyasikia kabisa. Sheria ilisema hivyo: watu wakianza habari za nyumbani, msikilizaji abonyeze kitufe cha kukata sauti, angoje kidogo, kisha achungulie kama wamerudi kwenye jambo. Kwa miaka mingi alikibonyeza bila kufikiri, kama mtu anayerudisha mlango wa bafu alioukuta wazi.

Ilipofika zamu ya fundi cherehani, aliacha kukibonyeza.

Fundi huyo alikuwa mwanamke wa makamo mwenye duka nyuma ya soko. Watu walimletea kitambaa awashonee mabango, akawashonea. Wakaandamana nayo mpaka mbele ya bunge. Ndipo kibali cha kusikiliza simu yake kikatolewa, na pasipoti yake ikazuiwa mpaka uchunguzi uishe. Kila jioni alizungumza na mdogo wake, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka na kukaa na mama yao huko. Siasa hawakuigusa. Walizungumza habari za mama.

"Bi Mkubwa ameamkaje leo?"

"Ameamka na ubishi wake. Nimemnunulia fimbo, kaifungia kabatini. Eti wageni wakiiona watadhani humu ndani kuna mzee."

"Na ufunguo?"

"Kautia kifuani. Nani atakwenda kuuchukua huko?"

Dada wakacheka, na Masikio akacheka nao, kiganja mdomoni, ingawa chumbani hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Mkewe alikuwa amefariki, na watoto hawakujaliwa. Nyumbani sahani moja ilimtosha. Aliiosha, akaiacha hapo hapo juu ya meza, kesho akala tena humo. Sasa alianza kuomba zamu za jioni. Wenzake walishukuru, maana wao walikuwa na watu wanaowangoja.

Kisha mama akazidiwa.

"Anakutaja wewe tu, dada. Njoo."

"Nije na nini? Pasipoti wameikalia."

"Si uwaombe?"

"Nimewaomba mpaka wamechoka kuniona."

Masikio aliandika ukweli kama alivyouona: mwanamke huyu hana neno. Mkuu wa kitengo akasoma, akakubali. Kibali kitakwisha mwisho wa mwezi, hakitaongezwa, na pasipoti itarudishwa. Ilikuwa sawa, na Masikio alijua ni sawa. Ila jioni zake nazo zilikuwa zinakwisha.

Hapo ndipo alipochukua suruali yake ya kijivu, iliyomzidi urefu tangu siku aliyoinunua, akaipeleka kwa fundi. Ilikuwa marufuku. Alijiambia ataiona sura yake mara moja tu. Njiani alijikumbusha mambo asiyotakiwa kuyajua: kwamba ana mdogo wake, kwamba ana mama, kwamba mama anaumwa.

"Karibu, kaka," fundi alisema. Sauti ilikuwa ile ile, ila kumbe inatoka kwa mtu mfupi. "Ivae nyuma ya pazia, tuone. Hee! Hii suruali ulinunua wewe au ulirithi kwa mrefu?"

"Nilinunua mwenyewe."

"Basi muuzaji alikuchukia."

Alipiga magoti na pini mdomoni, akaanza kukunja mguu wa kwanza. Alipoinuka kidogo kufuata chaki aliguna, akashika kiuno.

"Pole, dada."

"Zetu hizi. Tumezirithi kwa mama. Yeye mguu unamtesa, lakini kumwambia apumzike, thubutu!"

"Ndiyo, na ile fimbo kuifungia kabatini!" Masikio akasema, akicheka.

Alicheka peke yake. Fundi alikuwa amesimamisha mkono. Mguu wa mama alikuwa ameutaja yeye, hapo, sekunde ile. Fimbo hakuitaja. Masikio alikuwa amezoea kuzipokea habari hizo kama za kwao, hata akasahau zipi ameambiwa na zipi amezisikiliza.

Fundi akazitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kijimto cha mkononi.

"Habari za fimbo nimemwambia nani mimi?" aliuliza taratibu.

Masikio aliinama, akatazama pini za mguuni.

"Kavue nyuma ya pazia, kaka. Uende."

Aliiacha suruali juu ya kiti, pini bado zimo kwenye mguu mmoja.

Jioni hiyo simu ilikuwa fupi.

"Mama?"

"Yupo. Leo amekataa uji, halafu akasema—"

"Usiniambie. Msalimie. Kwaheri."

Kesho yake hivyo hivyo, na siku zilizofuata. Mara ya mwisho mdogo mtu alilia. "Dada, nimekukosea nini?" Masikio alimsikia fundi akipumua tu, mpaka simu ikakatwa.

Mkuu alimwita. "Huyu fundi amebadilika. Mtu mwenye maneno mengi vile, leo salamu na kwaheri? Ameshtuka. Asiye na la kuficha hushtuka nini? Nitaomba kibali kiongezwe, na pasipoti ikae."

Masikio alirudi nyumbani, akala kwenye sahani yake. Asubuhi alibisha hodi kwa Mkuu kabla hajavua koti.

"Ni mimi niliyemshtua," alisema, akaeleza yote kwa mpangilio.

Mkuu alimtazama. "Umekaa humu tangu nywele zako nyeusi, uje kuharibu kwa sababu ya suruali?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Kutoa siri ya kitengo ni kifungo. Unajua?"

"Najua."

"Hakuna aliyekuona. Ungenyamaza ungekosa nini?"

"Yeye angemkosa mama yake."

Mkuu akasogeza kikombe chake pembeni. "Hizo habari za fimbo ni za nyumbani. Kitufe je?"

"Sikukibonyeza."

"Kwa nini?"

Masikio alitafuta sababu nzuri, hakuipata. "Walikuwa wananichekesha, Mkuu."

Mkuu akanyoosha mkono. "Nipe kitambulisho cha mlangoni. Ukishayaandika hayo, mimi sina la kumpelekea jaji, na pasipoti yake itarudi. Nenda kwako ungoje kuitwa."

Aliandika, akatia sahihi, akaenda kwake kungoja. Wito ulikawia. Alipochoka kutazama ukuta alishika njia ya sokoni. Duka la fundi lilikuwa limefungwa. Mlangoni paliandikwa kwa chaki: *Nimekwenda kwa mama.*

Fundi viatu wa jirani akamwita. "Wewe ndiye wa suruali ya kijivu?"

"Umenijuaje?"

"Nimeambiwa atakuja mtu mkimya, atasoma mlango mara mbili. Chukua mfuko wako."

"Hakusema kitu kingine?"

"Amesema nisikuulize neno. Nami siulizi."

Nyumbani Masikio alifungua mfuko. Pini zilikuwa pale pale alipoziacha, mguu mmoja umekunjwa, wa pili haujaguswa. Akatafuta sindano ya marehemu mkewe, akakaa karibu na dirisha, akaanza kushona pindo mwenyewe, kombokombo. Alitaka sana kujua kama fundi amemkuta mama yake hai. Hapakuwa na pa kuuliza, na ndivyo ilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo. Akakata uzi kwa meno, akageuza mguu wa pili.